Nimetafuta prisepta miezi saba hapa Georgia: uzi kwa manesi wenzangu mnaosoma NP Marekani

BintiTukuyu

Wakuu, salaam. Mwaka wa nne huu nasoma humu bila kuandika. Leo nafungua uzi kwa sababu wiki hii nimepigiwa simu na manesi watatu wa kwetu, kila mmoja jimbo lake, na wote swali ni moja: "Dada, wewe prisepta ulimpata wapi?" Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, akiuliza mtu mrushieni uzi.

Kwa wasio wa fani: NP ni nesi aliyerudi shule kusoma shahada ya uzamili au ya udaktari wa uuguzi. Anapima mgonjwa, anaagiza vipimo, anaandika dawa. Kada hii ilianza mwaka 1965 pale Chuo Kikuu cha Colorado, waanzilishi wakiwa nesi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Wa nyumbani wamfikirie AMO, yule daktari msaidizi wa enzi zile. Siyo sawasawa, ila itawasaidia kuelewa. Ili umalize, lazima ukae kliniki mamia ya saa ukihudumia wagonjwa wa kweli huku mwenye leseni amekaa pembeni yako, anakusikiliza, anakusahihisha, anasaini. Huyo ndiye prisepta. Viwango vya kitaifa vya 2022 vimepandisha kima cha chini kutoka saa 500 hadi 750. Mimi nilianza na mtaala wa zamani, chuo kilitaka 675: vituo vitano, kila kimoja saa 135.

Sasa hapo ndipo patamu. Vyuo vingi vya mtandaoni vinakupa masomo, vinakupa mitihani, vinachukua ada, halafu vinakwambia prisepta katafute mwenyewe. Wakati wa kujiunga yule dada wa udahili aliniambia "tuna timu nzima ya kukusaidia". Timu yenyewe ilinitumia faili la Excel lenye kliniki 60. Nilizipigia zote. Namba 11 hazipo hewani. Moja ilipokelewa na duka la vioo vya magari. Tatu walisema hawajawahi kukisikia hicho chuo.

Mimi ni nesi wa wodi, napiga naiti tatu kwa wiki. Nikitoka saa moja asubuhi napeleka watoto shule, halafu naanza kupiga simu kwenye gari, palepale kwenye maegesho ya shule, maana nikifika nyumbani tu nalala. Nilikuwa na daftari la hesabu la mwanangu, kila kliniki mstari wake. Barua pepe nilizotuma: 143. Zilizojibiwa: 9. Waliosema ndiyo: hakuna.

Muhula wa kwanza wa kliniki ukanipita hivihivi. Chuo kikaniandikia kwamba nisipopata mtu hadi tarehe fulani nitaahirishwa. Siyo wao walioshindwa, eti ni mimi.

Naenda kuchukua watoto, narudi.

Mzee wa Naiti

Nimekaa mkao wa kula. Rudi haraka usije ukatuachia uzi nusu kama yule wa green card.

Muuguzi_Dodoma

Dada samahani, naomba kueleweshwa. Yaani unalipa ada halafu unatafuta mwenyewe pa kufanyia mazoezi? Huku kwetu chuo kinakupangia, unapewa barua, unaripoti kwa matroni, na internship ya mwaka mmoja unapangiwa hospitali. Unaweza kupangiwa mbali ukalia, lakini umepangiwa.

BintiTukuyu

Muuguzi_Dodoma, umeelewa sawasawa. Hata mimi nilipomweleza mama kwa simu aliuliza mara mbili, akadhani nimetapeliwa.

Naendelea. Kilichobadilisha mambo ni mgonjwa mmoja pale wodini, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi, mcheshi sana. Saa tisa usiku hana usingizi, ananiuliza mbona uso umenuna. Nikamweleza. Akacheka, akasema: "Binti, hizo barua zako anazisoma nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa natuma kwenye anuani za "mawasiliano" za tovuti za kliniki. Huko barua zinaangukia kisimani.

Nikabadilisha mbinu. Kuna rejista ya taifa ya NPI, yaani namba za utambulisho za watoa huduma za afya, iko wazi mtandaoni, haina malipo. Karibu kila mtoa huduma hapa Marekani yumo. Unachagua kada, jimbo na mji, inakuletea majina, anuani ya kazini na simu. Nikatafuta NP wa familia wote wa miji mitatu inayonizunguka, halafu nikachuja. Wa hospitali kubwa nikawaacha, kule wanafunzi wanapitia ofisi ya elimu na nafasi zimeshachukuliwa na vyuo vya hapahapa. Nikabaki na kliniki ndogo na vituo vya afya vya jamii.

Halafu nikajiuliza: ni kliniki gani mimi nikiingia nitakuwa na faida kwao? Wanaoishi upande huu wa Atlanta wanaijua Clarkston, kamji ka wakimbizi. Ukipita barabarani unasikia Kiburma, Kisomali, Kiamhari, na Kiswahili cha Kongo kimejaa. Nikasema naanzia hapo.

Siku ya kwanza nimefika saa sita na dakika tano, wanafunga kula. Kosa. Dada wa mapokezi hakuinua hata uso: "Hatuchukui wanafunzi." Zamani ningesema asante nikaondoka. Safari hii nikamuuliza: "Naomba jina la meneja wa kliniki, na ni siku gani hana pilika?" Akaniandikia kwenye kikaratasi cha njano: Alhamisi, baada ya saa nane.

Wakuu, hicho kikaratasi nimekitunza hadi leo. Miezi yote ile nilikuwa nawaandikia madaktari, kumbe mwenye funguo ni meneja. Daktari anaweza kukupenda, lakini anayejua kama kuna chumba cha ziada, kompyuta ya ziada na nani yuko likizo ni meneja.

Alhamisi nikarudi na bahasha. Ndani ukurasa mmoja tu. Siyo barua ya kujieleza ndoto zangu za utotoni, hizo nilizitoa. Niliandika: naitwa fulani, nesi miaka sita, wodi ya magonjwa ya ndani, nasoma chuo fulani, nahitaji saa 135 za huduma ya watu wazima kati ya tarehe hii na hii, nitakuja Jumanne na Alhamisi, bima ya makosa ya kitabibu ninayo, makaratasi yote ataleta mratibu wa chuo, naongea Kiingereza na Kiswahili. Basi. Nyuma nikabana wasifu na nakala ya leseni.

Nikiwa nimekaa kusubiri, akaingia mama na mtoto mgongoni, anahangaika na wa mapokezi. Mkalimani wa simu yuko kwenye foleni, muziki unapiga tu. Mama anarudia: "Sikio inamuluma, sikio inamuluma." Mimi nikamwambia mkalimani yuko njiani, kaa hapa mama, mtoto ataonwa. Sikutafsiri ugonjwa, na ninyi msifanye hivyo, siyo kazi yenu na ni kosa. Lakini meneja alikuwa mlangoni, aliona mama alivyotulia. Akachukua bahasha, akasema atazungumza na NP wake.

Jumatatu nikapigiwa simu. Ndiyo.

KovuLaBega

Hongera dada! Ila nasikia harufu ya "lakini" inakuja.

Shangazi wa Columbus

Bahati ya mtende hiyo. Wangapi wanakaa karibu na Clarkston? Mimi niko Ohio mashambani, Waswahili hapa ni mimi na mume wangu.

BintiTukuyu

Shangazi shikamoo. Bahati ilikuwepo sikatai, ila sikwenda pale kwa bahati. Nilichagua pahali ambapo kuna kitu ninacho wao hawana. Wewe wa mashambani unacho chako: kliniki za vijijini zina uhaba wa watu, mwanafunzi wa leo ni mwajiriwa wao wa kesho. Ukiwaambia unaishi hapo na hutaki kuhama, watakusikiliza kuliko binti wa mjini. Halafu uliza habari za AHEC, hivi ni vituo vya elimu ya afya vya maeneo, vipo majimbo mengi, na moja ya kazi zao ni kuwatafutia wanafunzi nafasi sehemu za vijijini. Mimi nilikuja kuwajua nimeshamaliza nusu.

Na ndiyo KovuLaBega, "lakini" ipo.

Nilipata ndiyo, nikafanya sherehe, nikapika pilau. Sikujua ndiyo ya prisepta ni robo ya safari. Robo tatu ni mkataba kati ya chuo na kliniki. Bila huo mkataba hata ukikaa kliniki mwaka mzima saa zako ni sifuri. Mwanasheria wa chuo yuko jimbo lake, mwanasheria wa kliniki yuko jimbo lake, wanarushiana waraka kama mpira wa danadana. Yule anataka maneno kuhusu nani atalipa fidia yabadilishwe. Huyu anasema fomu ya chuo haibadilishwi. Wiki ya tatu, kimya. Wiki ya sita naambiwa mhusika yuko likizo ya uzazi. Mkataba ulisainiwa wiki ya 11. Muhula ulikuwa umeanza wiki mbili nyuma, na chuo kikasema nimechelewa, nisubiri ujao.

Nililia kwenye gari. Palepale maegesho ya shule.

Kwa hiyo mkinisikia nasema anza miezi sita kabla, au tisa, siyo maneno ya mapambo. Na siku hiyohiyo unayopata ndiyo, uliza: "Kwenu mikataba anasaini nani, na naweza kupata barua pepe yake?" Mimi kuanzia kituo cha pili nilikuwa nampigia huyo mtu kila Ijumaa asubuhi. Kwa upole. Mpaka akawa anapokea simu kwa kuniita jina.

KovuLaBega

Niongeze la kwangu, wa kwetu linatuuma hasa. Makaratasi ya afya. Kliniki yangu walitaka kipimo cha TB, nikachomwa ile sindano ya ngozi mkononi, kesho yake mkono umevimba kama andazi. Wakanisimamisha, nenda eksirei, lete barua ya daktari, wiki tatu zimekwenda. Kumbe ni BCG, chanjo ya TB tuliyochomwa utotoni, ile yenye kovu begani, inaweza kukufanya uonekane una TB. Ombeni kipimo cha damu, QuantiFERON, hicho BCG haikivurugi. Na kipimo cha kinga ya homa ya ini B fanyeni mapema, mimi kinga ilikuwa imeshuka, nikaanza sindano upya, na hizo zinachukua miezi.

BintiTukuyu

Nakazia hili kwa wino mwekundu.

KwaBaridiMN

Hamjambo wenzangu. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota, NP mwaka wa tisa sasa, na nimekuwa prisepta kwa wanafunzi saba. Nimesoma yote, nataka kuwaeleza upande wa pili maana mnafikiri tunawaringia.

Siku yangu ina wagonjwa 18 hadi 20. Kila mmoja dakika 20, mpya dakika 40. Mwajiri anahesabu. Mwanafunzi wa kwanza kabisa, yule hajawahi kuona mgonjwa akiwa NP, anaingia chumbani dakika 25, anatoka, ananieleza mgonjwa dakika nyingine kumi, tena anaanza na historia ya babu yake. Mimi bado nirudi ndani nimpime mwenyewe, kisha nisome alichoandika, nisahihishe. Siku hiyo natoka kazini saa moja usiku badala ya saa kumi na moja, na mume amepika ugali umekuwa jiwe. Hakuna anayenilipa. Kwa cheti changu cha AANPCB, mojawapo ya bodi zinazowapa ma-NP vyeti, kuna kaunafuu, saa 125 za kusimamia mwanafunzi nahesabiwa 25 za masomo endelezi. Hiyo ndiyo asante yangu.

Sasa, kwa wiki napata maombi kumi, wakati mwingine zaidi. Nawaambia ukweli, mengi siyasomi hadi mwisho. Yanafanana neno kwa neno, "Ninakuandikia kwa unyenyekevu". Wengine wanasahau kubadilisha jina, naitwa Daktari Smith. Mmoja aliomba saa 200 kuanzia Jumatatu na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Wa mwisho niliyemkubali alikuwa ametumwa na mfanyakazi wangu. Msaidizi wa kliniki, tunapiga naye kazi miaka mitano, aliniambia "kuna dada wa kanisani kwetu, ni mchapakazi". Hiyo ilitosha. Kwa hiyo msinitafute mimi, tafuteni anayenijua. Dada wa maabara, mfamasia, yule kijana wa kampuni ya dawa anayetuletea sampuli, huyo anaingia kliniki hamsini kwa mwezi na anajua nani ana roho nzuri.

Mzee wa Naiti

Mama wa Minnesota heshima yako. Ila mimi nitasema lisilopendwa. Mnawafundisha watu kuomba vizuri, wakati kosa siyo la muombaji. Chuo kimechukua dola elfu na elfu. Chuo hakina hata mtu mmoja anayeishi Georgia. Halafu nesi wa watu, katoka naiti, anapita kliniki kwa kliniki na bahasha kama muuza karanga. Mimi nilisubiri mwaka mzima, nikaingia chuo cha serikali cha jimbo langu, kinapanga vituo vyote. Ada nafuu, usaili mgumu, darasa dogo. Niliambiwa prisepta wako fulani, siku fulani, nenda. Kama Dodoma tu.

Ushauri wangu: kabla hujalipa hata dola moja, waulize kwa maandishi. Nani anatafuta kituo? Nisipopata, nini kinatokea? Wanafunzi wangapi mwaka jana waliahirishwa kwa kukosa prisepta? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, ingia mitini.

BintiTukuyu

Mzee sikupingi hata kidogo. Ningejua ningefanya hivyo. Lakini aliyeko mwaka wa pili ameshalipa, ameshakopa, huwezi kumwambia arudi mwanzo. Uzi huu ni wa huyo.

Na chuo cha jimbo kina faida nyingine ambayo niliambiwa usoni. Kituo changu cha watoto, daktari mmoja mzuri tu, aliniuliza kwa nini amchukue mwanafunzi wa chuo cha nje. Georgia kuna nafuu ya kodi kwa maprisepta wanaojitolea bila malipo, ndilo jimbo lililotangulia wenzake mwaka 2014, mwanzoni kwa madaktari, na tangu 2019 na ma-NP wamo. Ila ni kwa kusimamia wanafunzi wa vyuo vya Georgia. "Wale wananipa nafuu, wewe unanipa nini?" Aliuliza anatabasamu lakini aliuliza. Maryland nao wana ya kwao. Fuatilieni jimbo lenu lina nini, maana ukijua unajua pia unashindana na nani.

KipandeChaDallas

Mnaonaje kulipia? Mimi nimebakiza afya ya wanawake tu, saa 120, nimezunguka Dallas yote. Watoto na wanawake ndivyo vigumu kuliko vyote. Kuna kampuni inasema inanipatia prisepta kwa dola 1,900.

Shangazi wa Columbus

Marahaba BintiTukuyu, asante kwa jibu. Kipande, mwanangu, soma yaliyonikuta. Nililipa 1,800 kampuni moja, sitaitaja. Wiki mbili kabla ya kuanza prisepta "amepata dharura". Nikadai hela yangu, wakasema mkataba unasema hakuna kurudisha, kuna kuhamisha kwenda muhula ujao. Nikasoma tena mkataba, kweli imeandikwa, herufi za mchwa. Wapo wanaolipa na wanapata, shoga yangu mmoja alipata ndani ya siku kumi. Mimi imekula kwangu.

KwaBaridiMN

Na angalia kama chuo chako kinaruhusu. Vingine vinakataza mwanafunzi kumlipa prisepta moja kwa moja, ukigundulika saa zinafutwa. Uliza kwanza, upate jibu kwa maandishi.

Kwa afya ya wanawake usikazane na madaktari wa uzazi tu. Wakunga wenye leseni ya juu, wale CNM, vyuo vingi vinawakubali. Kliniki za uzazi wa mpango, idara za afya za kaunti. Nilipokuwa mwanafunzi saa zangu zote za wanawake nilimaliza idara ya afya ya kaunti, na pap smia, kile kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, nimefanya nyingi kuliko wenzangu waliokaa kwenye ofisi zenye mazulia.

KipandeChaDallas

Idara ya kaunti! Hata haikunijia akilini. Ahsante sana mama.

Muuguzi_Dodoma

Nauliza tena, mnisamehe. Si mnafanya kazi hospitali? Kwa nini usifanyie hapohapo kwa mwajiri wako?

BintiTukuyu

Swali zuri. Inawezekana, na kwa wengi ndiyo njia fupi maana mkataba na chuo huenda tayari upo. Masharti ni mawili. Saa unazolipwa kama nesi hazihesabiwi, uende siku yako ya mapumziko. Na idara iwe tofauti na unapofanya kazi, meneja wako asiwe anakukamata korido akuambie "kwa kuwa upo, nisaidie kitanda namba nne". Kituo changu cha wazee nilikipata hivyo. NP wa timu ya usiku tulikuwa tunapigiana simu miaka mitatu kuhusu wagonjwa, mimi nesi yeye ndiye mwandika dawa. Sikuwahi kumuomba kwa sababu niliona aibu. Siku nilipomuomba akasema: "Nilikuwa nasubiri uulize."

Miezi saba nahangaika na wageni, mtu mwenyewe nampigia simu kila naiti.

Mzee wa Naiti

Hiyo ni ya kwetu kabisa. Tunaogopa kusumbua.

KovuLaBega

Dada BintiTukuyu, umesimulia kutafuta. Siku ya kwanza yenyewe ilikuwaje?

BintiTukuyu

Clarkston nilirudi muhula uliofuata, walinitunzia nafasi yangu ya watu wazima. Lakini siku ninayoikumbuka ni ya kituo cha watoto, kwa yule daktari wa nafuu ya kodi. Alikubali mwishowe, baada ya kumwambia nitakuja Jumamosi, siku ambayo wa chuo cha jimbo hawataki.

Mtoto wa miaka mitatu, sikio. Mimi nesi wa watu wazima, otoskopu, kile chombo cha kuchungulia sikio, naishika kama nyundo. Nikaiingiza, mtoto akageuza kichwa, akapiga yowe, mama yake akanikata jicho. Daktari hakusema kitu mbele ya mama. Alichukua kile chombo, akakishika kama kalamu, kimelala, halafu kidole chake kidogo akakiegemeza kwenye shavu la mtoto. Mtoto akageuka, mkono ukageuka naye. Kama wamefungwa pamoja. Akaniachia nafasi nichungulie: ngoma ya sikio nyekundu, imevimba kuja mbele, ule mng'ao haupo. Nilikuwa nimeiona kwenye picha labda mara mia.

Tulipotoka nje ndipo akaniambia, "Kidole chako ndiyo breki." Jumamosi ile nilichungulia masikio tisa. La tisa mtoto alikuwa amelala.

Halafu, kitu kidogo lakini muhimu: saa zako ingiza kwenye mfumo siku hiyohiyo. Chuo changu kilitumia Typhon. Mwenzangu mmoja aliacha wiki nne ziwe nyingi aingize kwa pamoja, prisepta akahama kazi, hakuna wa kusaini. Saa 60 hivi zikaota mbawa.

KwaBaridiMN

Na ukimaliza mwandikie prisepta asante kwa mkono. Mimi nina kadi tano kati ya wanafunzi saba. Wale wawili wasio na kadi, sasa hivi mmoja anataka nimpokelee mdogo wake.

Shangazi wa Columbus

😂😂 Na utampokea?

KwaBaridiMN

Nimemwambia anitumie ukurasa mmoja, kama wa BintiTukuyu.

KipandeChaDallas

Mrejesho wakuu. Leo nimekwenda idara ya afya ya kaunti, siyo ya Dallas yenyewe, ya jirani. Wa mapokezi akasema hawachukui wanafunzi. Nikauliza meneja ni nani. Akanitazama sana, kisha akaniambia nirudi Jumatano saa tatu asubuhi na wasifu.

BintiTukuyu

Beba nakala mbili. Na kabla hujatoka mlangoni uliza nani anasaini mikataba.